Kazi Yangu Ilikuwa Umbali

Vijana wangu wa fonia, redio yetu ya bandari, siku mliponiaga mliniuliza swali ambalo sikulijibu, kwa sababu soda zilikuwa zinapata moto na mwenyekiti alikuwa hajamaliza hotuba. Mliuliza ilikuwaje mimi, mtoto wa mvuvi wa ndagala, nikafanya kazi na watu wa kwenda kwenye nyota. Mlicheka, nami nikacheka. Sasa niko nyumbani, sina stesheni ya kuita kwa redio, basi nawaandikia. Habari za mishahara sitazigusa. Aliyefanya kazi wakati wa Zaire anazijua, na asiyefanya hatasadiki. Vyeo navyo tuviache: nilianza nikiwa opereta, nimemaliza nikiwa opereta, kilichobadilika ni kiti.

Sisi kwetu ni kaskazini, upande wa Fizi. Baba alishuka na ziwa kufuata samaki mpaka Kalemie, mimi nikitembea mwenyewe, mdogo wangu Wilondja akiwa bado mgongoni. Mama alifariki mapema, na Wilondja nikamlea mimi. Hata alipoota ndevu aliniita Yaya, dada mkubwa, kwa sauti ya mtu anayeuliza kama bukari, ugali wetu, umeiva.

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha fonia cha bandari, Papa Kabulo hakuniruhusu kugusa kitu. Alikuwa mzee kutoka Kabalo, mashine zile zilimkuta kijana na kumwacha na mvi. Alinivika kaske masikioni, akaniweka kwenye kigogo nisikilize meli zikisema na nchi kavu. Mchana ulipopinda akaniuliza, “Ule kapiteni wa asubui alisema nini?”

“Alisema muzigo iko muzuri na ziwa limetulia, Papa.”

“Ile njo maneno. Miye nakuuliza alisema nini.”

Akanieleza kwamba nahodha yule alivuta pumzi kabla ya kusema muzuri, na mtu mwenye habari nzuri havuti pumzi. Kweli, meli ilipofunga gati walishusha maiti. “Muntu wa kwetu ataanza na muzuri hata kama nyumba iko naungua,” Papa Kabulo akasema. “Ni heshima. Weye ngojea kile kinafuata.”

Ninyi wenyewe mnajua. Mwulize habari mtu aliyefiwa jana, atakujibu muzuri, kisha ndipo msiba ufuate. Na katika hao wote, Wilondja alikuwa bingwa. Akiwa mdogo alirudi kutoka kucheza, nikamwuliza habari ya mchezo. “Muzuri, Yaya,” akasema, amesimama vizuri mlangoni. “Lakini mukono umevunjika.” Maisha yake yote yalikaa nyuma ya neno lile. Ukitaka kujua hali ya Wilondja, ungoje lakini.

Alikua akawa mchomeleaji wa vyuma kwenye kiwanda cha meli, na kwa kuwa alizaliwa majini, yeye ndiye aliyezamishwa kuziba matundu ya meli bila kuzitoa ziwani. Nadhani hiyo ndiyo sababu wageni walimtaka. Wageni wenyewe walikuja na tangi kubwa la chuma, lililowahi kuwa tangi la mafuta, limepakiwa juu ya behewa kutoka Kabalo. Mji mzima ulikwenda stesheni kulitazama. Wengine walisema ni la kutafutia dhahabu, wengine walisema watafuga mamba-muntu, yule mtu-samaki wa hadithi. Kiwanda kililikata madirisha, kikaliwekea vitanda na meza, kisha likashushwa ndani ya ziwa, kwenye kina kidogo ili mtu aweze kupanda juu bila kupata ugonjwa wa wapiga mbizi.

Mkuu wao alikuwa Dokta Elin, mwanamke mrefu mwenye haraka. Kiswahili alijifunzia Kigoma, ng'ambo, na kwa hiyo alikisema kwa usafi uliotuchosha. Alitueleza kwamba kabla ya kumpeleka mtu kwenye sayari nyingine ni lazima umjaribu hapa duniani, mahali pagumu, uone kama atatoka bado na akili. Wenzao walijaribu kwenye barafu na jangwani. Yeye alitaka maji, kwa sababu mtu aliyefungwa mawe kiunoni chini ya maji hutembea akirukaruka kama wale waliokwenda mwezini. Wawili wangeishi mle ndani: Henrik, mhandisi wake, na Wilondja. Wangetoka nje kuokota mawe na kuchomelea vyuma, wangerudi ndani kula na kulala, na hewa yao ingetoka pwani kwa mpira mrefu, ikisukumwa na kompresa.

Mimi Dokta Elin alinichukua bandarini kwa jambo moja. Alinipeleka katika chumba cha mbao karibu na maji, ndani yake mna manyetofoni, mashine za kurekodi sauti kwenye utepe.

“Mtu akiwa mbali sana huko juu,” akaniambia, “sauti yake haifiki mara moja. Inasafiri. Unamwuliza swali, unakunywa chai, ndipo jibu linakuja. Nataka watu wangu waishi hivyo.”

Basi sauti ya chini ya maji iliingia katika mashine ya kwanza, ikaandikwa kwenye utepe, na utepe ule ukatoka ukazunguka chumba kizima juu ya vigurudumu vilivyopigiliwa ukutani. Ulipita juu ya dirisha, ukakata kona, ukapita juu ya mlango, polepole, mpaka mashine nyingine iliyousoma na kupeleka sauti kwenye spika ya wakubwa. Maneno ya kushuka yalikuwa na utepe wao, ukuta wa pili. Njia nzima ya kwenda sayari ilikuwa imeanikwa chumbani mwangu kama nguo.

Mtu mmoja tu wa nchi kavu alisikia sauti ile ikiwa mbichi, na mtu huyo ni mimi, kwenye kaske, ili nijue kama mashine inaandika.

“Lakini wewe husikii, Feza,” alisema Dokta Elin. “Ukivaa hizo, wewe si mtu. Wewe ni umbali.”

Nimeitwa majina mengi kazini. Hilo ndilo lililonitoa jasho.

Kulikuwa na neno moja la kuvunja mchezo: nyumbani. Mmoja wao akilitamka, nifungue waya wa moja kwa moja, kengele ilie, wapiga mbizi waingie. Wasipolitamka, hata nisikie nini, ninyamaze utepe uzunguke. Na Dokta Elin alikuwa amemwahidi Wilondja mbele yangu: jaribio likifika mwisho bila nchi kavu kuingilia, atakwenda naye kwao kufundishwa kazi ile hasa. Mtu wa ziwa letu, kati ya watu wa kwenda kwenye nyota. Asubuhi ya kuzama, Wilondja alinishika mikono yote miwili.

“Yaya, nakuomba paka hii moja tu. Usinitoe mu maji mbele ya wakati.”

Nilimwahidi, na nikashindwa mapema. Kazi ilikuwa haijakomaa niliposikia, “Muzuri, Yaya. Lakini mukono umeungua.” Miguu yangu ilitoka nje kabla ya kichwa. Nilimkuta Dokta Elin akinawa uso, nikamwambia. Hakukimbia. Alikuja chumbani, akakaa chini ya utepe akangoja sauti ifike kwa njia yake. Ilifika, kisha Wilondja akaeleza jinsi Henrik alivyomfunga dawa na kwamba wamekwisha kula.

“Umeona? Walijitibu,” akasema. “Kule juu nani angewakimbilia? Leo ningejifunza kitu kuhusu wao, nimejifunza kuhusu wewe tu.” Akanitazama bila hasira, na hilo liliniumiza zaidi. “Nimesamehe mara moja. Mara ya pili jaribio limekufa, na safari ya ndugu yako imekufa nalo.”

Tangu siku ile nilijifunza kukaa na kitu kifuani. Nilisikia wakigombana, nilisikia Henrik akilia kwa lugha yake, nilisikia Wilondja akisema muzuri lakini joto, muzuri lakini sombe ya makopo haina chumvi, muzuri lakini nimeota Mama. Nilinyamaza. Wake za wavuvi waliniuliza sokoni kama kazi ya kukaa kitini nayo inachosha. Nilikuwa nimekonda.

Kisha ikatangazwa kwamba komisa wa zone, mkubwa wa serikali kwetu, atakuja kuona nyumba ya chini ya maji. Ambao hamkuwapo hamwezi kujua ziara ya mkubwa ilikuwa nini miaka ile. Ilipigwa salongo, kazi ya lazima ya usafi, mpaka mchanga wa ziwa ukafagiwa. Kikundi cha animasyo kilijipanga na nyimbo zake za kusifu. Na asubuhi yenyewe, Dokta Elin akiwa amekwenda uwanja wa ndege kupokea wageni, mtu wa protokoli akapita kukagua. Alikuwa mfupi, koti lake la abakosti limemkaba shingo, na alipata makosa mawili.

La kwanza, kompresa inapiga kelele kuliko hotuba. La pili lilikuwa zito zaidi. Fundi wetu wa mashine, Papa Sumaili, mtu wa reli, alikuwa ameuinua mdomo wa bomba la kuvutia hewa juu ya mlingoti mrefu, uchukue upepo safi wa ziwa. Mlingoti ule ulikuwa mrefu kuliko wa bendera. Wakati ule hakuna kitu kilichoruhusiwa kusimama juu ya bendera; hata miti ilijitazama mara mbili.

“Sitwayeni, ushushe ile kintu,” akaamuru. Sitwayeni ndivyo tulivyoitana wakati ule, bwana na bibi zilikuwa zimepigwa marufuku.

Papa Sumaili alishusha bomba mpaka kiunoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi wa kweli na hakupenda kufanya kazi nusu, aliizungushia kompresa mikeka minene pande zote na kuifunika juu kwa turubai. Kelele ikafa. Alikuja dirishani kwangu akijifuta mikono.

“Unasikia, Mama Feza? Iko nalala sawa mutoto.”

Nilimsifu, na nilimaanisha. Hakuna mtu pwani pale aliyefikiria kwamba ndani ya kile kibanda cha mikeka mlikuwa na pua na moshi pamoja: mdomo wa bomba la watu wangu, na bomba la moshi la injini.

Wageni walifika, wakakaa kwenye viti vya mto chini ya hema, Dokta Elin pembeni ya komisa. Ratiba ilipangwa kwa akili. Nilikuwa nimekwisha kutuma salamu za kushuka. Wakati komisa anahutubia, Wilondja angejibu kutoka chini kwa maneno aliyoyakariri, utepe ungezunguka, na hotuba ikiisha tu, sauti kutoka sayari nyingine ingetoka kwenye vipaza sauti na kumsalimu mkubwa. Komisa alisimama na karatasi yake. Nikabana kaske masikioni.

“Muzuri, Yaya,” alisema Wilondja.

Nilingoja.

Haikuja lakini. Hayakuja maneno aliyoyakariri. Ilikuja pumzi, ya haraka, ya mtu aliyepanda mlima na mzigo, na huku najua amekaa. Nyuma yake Henrik alikuwa anacheka kama mtoto anayetekenywa.

“Jambo, Yaya,” akasema Wilondja, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana. “Habari?”

Niliinua macho ukutani, nikaiona ile muzuri yake ikipanda gurudumu la kwanza, kwa mwendo wake uleule wa kila siku. Ilikuwa bado haijafika hata dirishani. “Sema nyumbani,” nilinong'ona. “Wilondja, baba, sema nyumbani.” Lakini kaske ni masikio, si mdomo.

Nawaambieni wazi, niliogopa, na hofu zilikuwa mbili zikivutana. Pengine ni furaha tu. Pengine mtoto wa watu amesahau hotuba yake kwa sababu ya mkubwa. Nikivunja jaribio, nitamwambia nini Dokta Elin? Kwamba ndugu yangu amejibu muzuri na hakuongeza kitu? Nitakuwa nimeifuta safari yake kwa neno ambalo hakulisema. Na komisa yuko katikati ya hotuba. Watu walikuwa wakipotea kwa kukohoa vibaya.

Nilivua kaske, nikatoka mlangoni nimpungie mkono Dokta Elin. Hakuniona. Aliyeniona ni mtu wa protokoli, akaja mbio kwa ncha za viatu.

“Sitwayeni, rudia mu nyumba! Mukubwa iko nasema.”

“Namutafuta Dokta. Dakika moja tu, papa.”

“Hata kama Dokta njo mama yako! Rudia!”

Nilirudi. Henrik alikuwa hacheki tena. “Jambo, Yaya,” ilisema sauti ya Wilondja, nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni. “Habari?” Kisha mvumo tu wa hewa ikiingia mle ndani.

Wakati ule nilimkumbuka Papa Kabulo na kile kinachofuata. Hakikufuata kitu. Nilichomoa waya wa vipaza sauti vya pwani kutoka kwenye mashine ya mwisho, nikauunga moja kwa moja na ule wa chini ya maji, nikafungua swichi niliyokatazwa, nikasema, “Wilondja! Habari?”

Sauti yangu ililipuka kwenye vipaza sauti vyote na kuikanyaga ya komisa. Na papo hapo, bila safari yoyote, bila chai yoyote, pwani nzima ikasikia: “Mu... zuri... Yaya. Jambo, Yaya.”

Niliona kichwa cha Dokta Elin kikigeuka. Alikuwa anajua kuliko mtu yeyote kwamba jibu lile halikupaswa kufika sasa hivi. Kisha akaisikiliza sauti yenyewe. Mimi nilijua tu kwamba kuna kitu. Yeye alijua ni nini. Kiti chake kilianguka. Aliruka mbele ya komisa, akapita katikati ya wacheza ngoma, macho yake yakaangukia mikeka, akapiga ukelele ambao Kigoma hawakumfundisha: “Moshi! Wanavuta moshi! Papa Sumaili, zima!”

Papa Sumaili aliing'oa mikeka kwa mikono mitupu na kuushika mgongo wa injini ukiwa wa moto. Alama alizibeba mpaka kaburini. Chupa za hewa za akiba zilifunguliwa, wapiga mbizi wakaingia, Dokta Elin nyuma yao na nguo zake za sherehe. Maji yakiwa shingoni aligeuka akanifokea, “Feza, mwite! Usiache kumwita, asilale!”

Nikamwita. Sikuwa na maneno mengine, basi nilimsalimu. Habari ya nyumba? Habari ya kazi? Habari ya samaki? Habari ya Baba? Pwani nzima ilinisikia nikimwuliza habari za maisha yote, naye akijibu muzuri, muzuri, kila mara akiwa mbali zaidi. Nikauliza habari ya mkono ulioungua. Hakujibu. Nikauliza tena. Komisa alikuwa amekaa na karatasi yake magotini, na animasyo walikuwa wameshusha vitambaa vyao.

Walimtoa Henrik kwanza, kisha Wilondja. Mashavu ya Henrik yalikuwa mekundu, ya kupendeza, kama ya mtu aliyerudi likizo. Wekundu ule ni wa uongo, moshi ndio unaoupaka. Wilondja alilazwa mchangani, Dokta Elin akampulizia, akambonyeza, akampulizia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sikuweza kwenda mbele wala kurudi. Alipokohoa, nilikaa chini.

Nyuma yangu mashine ya mwisho ilikuwa bado inazunguka. Hakuna aliyeiambia kilichotokea. Utepe ulikuwa umemaliza njia yake. Kwenye spika ndogo ya mle chumbani, sauti ya mdogo wangu ikasema, safi kabisa, “Muzuri, Yaya.” Ndiyo kwanza ilikuwa inafika.

Yaliyofuata nayafupisha. Niliitwa ofisini kueleza kwa nini nilikata neno la mkubwa, nikakaa kwenye benchi mpaka nikaujua kila msumari wake. Aliyeniokoa ni komisa mwenyewe. Kiti chake kilikuwa karibu na mikeka, na alishinda akiumwa kichwa. Hadharani alisema ni kwa sababu ya ngoma, lakini aliniruhusu niende. Wakubwa wa Dokta Elin walisema jaribio lililovunjwa halihesabiki, na wakamwita arudi. Tangi likaachwa majini, samaki wakahamia. Siku ya kuondoka alinikumbatia kwa nguvu ambayo sikuitegemea kwa mtu mwembamba hivyo.

“Feza,” akasema, “ulikuwa umbali mbaya sana. Nashukuru.”

Wilondja hakushukuru. Hili ndilo ambalo sikuweza kuwaambia mbele ya soda. Moshi ule ukikolea hauumi tena, unambembeleza mtu. Yeye alikumbuka tu kwamba siku ile alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuwa nayo, na kwamba mimi niliikata, pamoja na safari yake.

“Nilikuwa muzuri, Yaya,” aliniambia kitandani, akitazama ukuta. “Muzuri kupita siku yote. Ungengojea kidogo tu.”

Dokta alikuwa amemweleza. Alielewa kwa kichwa, moyo ukakataa. Alirudi kwenye kiwanda cha meli na miwani yake ya kuchomelea, na tangu hapo, kila nilipomwuliza habari, alinijibu neno moja. Muzuri. Kisha kimya. Alioa: muzuri. Mtoto wake akaugua surua: muzuri, nikayasikia mengine kwa majirani. Asubuhi ya kumzika Baba nilimshika bega nikamwuliza ameamkaje. “Muzuri,” akasema, akaenda kuchukua koleo. Nililia siku ile, na watu walidhani nalilia mzee peke yake.

Nilirudi bandarini. Papa Kabulo alistaafu, akaniachia kaske zake na kigogo. Niliitana na Kongolo, na Kabalo, na waganga wa upande wa Piana-Mwanga, na wote walikuwa wazuri kila asubuhi. Kama kuna ufundi niliowafundisha ninyi, ni huu: uliza mara mbili, na mara ya pili unyamaze zaidi. Wengine waliponea hapo. Sitawahesabu, maana kila nilipofanikiwa nilikuwa namfikiria yule ambaye alikuwa hanisemeshi.

Miaka ya Zaire ilikuwa inaelekea ukingoni siku Papa Sumaili alipopita dirishani kwangu, mzee tayari, na habari za kiwandani. Mchomeleaji mmoja, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa ndani ya tumbo la meli akifanya kazi, na pampu ya maji imewekwa mdomoni mwa shimo, injini inanguruma. Alikuwa anaimba humo ndani. Wilondja, aliyekuwa juu, alisikia nyimbo zikichanganyika. Akamwita, “Habari humo?” Mtu akajibu muzuri, akaendelea kuimba. Wilondja aliruka ndani, akamkamata kiunoni, akamburuta nje. Yule mtu alipigana naye kwa ngumi na meno, akimtukana kwa nini anamharibia kazi, yeye ni mzima, hajapata kuwa mzima hivi. Kisha akaanguka mchangani, akatapika, na akaishi.

“Mudogo wako alibaki amesimama pale,” Papa Sumaili akasema. “Damu kwa mudomo. Alimutazama ule muntu wakati murefu sana.”

Asubuhi iliyofuata Wilondja alikuja chumba cha fonia. Alikuwa hajakanyaga pale tangu wakati wa Papa Kabulo. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Alikaa kwenye kigogo changu cha siku ya kwanza, kofia mapajani.

“Habari, Wilondja?”

“Muzuri, Yaya.”

Nikageukia mashine, maana nilikuwa nimezoea. Kongolo walikuwa wananiita, na sauti yao ilikuwa ya haraka.

“Lakini,” akasema.

Nilivua kaske, nikazima fonia, Kongolo wakiwa bado wanaita.